Mkitaka siku yenu kwenye mbio za farasi, ichangieni kama mnavyochangia harusi za watu

Tangu niweke picha zetu za Ngong, uwanja wa mbio za farasi wa Nairobi, simu yangu haijatulia. Wapo waliouliza kitambaa, wapo waliouliza fundi, wapo walioandika "hongereni" halafu wakaenda kusema mengine pembeni. Ujumbe ulionikalisha chini niandike umetoka kwa mama mmoja wa Mwanga, Kigoma, ambaye hatujawahi kuonana. Anasema yeye na mashoga zake wamezitazama picha zile wakazirudia, na wao wanataka kwenda kuangalia mbio za farasi wakiwa wamependeza vile vile. Waanzie wapi? Na wakirudi, watu watasemaje?

Naanza na hilo la pili, maana ndilo linalowakwamisha wengi. Watu watasema, mama. Mimi walinisema hata tiketi sijakata. Wifi yangu alisimama sebuleni kwangu, mbele ya wageni, akauliza hivi mwanamke mzima mwenye watoto anaenda Kenya kuangalia wanyama wakikimbia, ana akili timamu? Nilimjibu kwa adabu kwa sababu ni mkubwa kwangu, lakini neno lile lilinichoma na bado halijapoa. Huyu ni wifi ambaye nimevaa sare ya harusi yake, nimevaa sare ya kumtoa binti yake, na alipofiwa na mama mkwe nililala kwake kwenye mkeka mpaka tanga likaanuliwa. Nilipokuwa natoa hela yangu kwa shughuli zake hakuniuliza habari ya akili.

Na hapo ndipo lilipo jambo langu la leo. Sisi wanawake wa Tabora, na nina hakika Kigoma ni hivyo hivyo, tunajua kupanga shughuli. Tupe kicheni pati ya mtoto wa jirani: kabla wiki haijaisha kuna mwenyekiti, kuna katibu, kuna mweka hazina, kundi la WhatsApp limefunguliwa, sare imechaguliwa, mpishi kapewa advansi na anayechelewesha mchango anakumbushwa kila asubuhi. Tukimaliza hiyo kuna sendofu, kuna harusi, kuna kipaimara, kuna mahafali ya darasa la saba. Fungua kabati lako sasa hivi uhesabu nguo. Langu lilikuwa limejaa sare za furaha za watu wengine. Sisemi tuache kuchangiana, hiyo ndiyo jamii yetu na nitachanga mpaka nizeeke. Ninachosema ni kwamba ule uzito tunaoupa shughuli ya mwingine, uupe na siku yako wewe na mashoga zako. Mkifanya hivyo mtafika. Mkisema "tutaangalia", hamtaenda popote, hata Ujiji.

Kwetu wazo lilianzia kwenye kikoba chetu cha Isevya. Tulikuwa tumemaliza kununua hisa, tunakunywa chai, mwenzetu mmoja akatuonyesha kwenye simu picha za Durban July. Kwa asiyejua, hizo ni mbio kubwa za farasi za Afrika Kusini, kwenye uwanja wa Greyville pale Durban, zinakimbiwa tangu mwaka 1897, na watu huenda kwa ajili ya farasi na kwa ajili ya mavazi pia. Wanawake wamevaa, jamani. Manyoya, kofia pana, magauni yanayofagia chini, na wanacheka kwa sauti wakiwa na wenzao, hakuna anayepiga picha kwa haraka ili awahi kurudi kupika. Tukanyamaza wote. Nakumbuka mmoja wetu, muuguzi, akasema, "Mimi nataka kucheka namna hiyo." Si gauni alilotaka, alitaka kile kicheko.

Nauli ya ndege mpaka Durban ilitunyamazisha kwa namna nyingine. Ndipo tukajua kwamba hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Nairobi kuna uwanja wa Ngong, kwenye barabara ya Ngong, upo pale tangu mwaka 1954 na unasimamiwa na Jockey Club of Kenya, chama cha mbio za farasi cha huko. Mbio zake hufanyika Jumapili mchana. Si kila Jumapili, kwa hiyo kabla hujamwambia mtu yeyote tarehe, angalia kalenda yao ya msimu, kisha uangalie tena mkishakaribia. Na Nairobi unafika kwa basi. Tabora, Nzega, Singida, Babati, mnalala Arusha, kesho yake Namanga na Nairobi. Safari yenyewe siisimulii, basi ni basi. Aliyeko Kigoma ataanza kwa treni au basi mpaka kwetu, na akija na wenzake nitawapokea.

Kuna swali nililoulizwa sana: mbona tukaangalie farasi, mnyama asiye wetu? Ni kweli hapa kwetu farasi ni wa kwenye picha. Mapori yetu ya miombo yana ndorobo, na ugonjwa anaoueneza huua farasi haraka. Dar es Salaam angalau polisi wana kikosi cha mbwa na farasi. Hapa Tabora, punda tu. Stanley alipokuwa anakuja kumtafuta Livingstone mwaka 1871 alitoka Bagamoyo akiwa na farasi wawili, wakafa wote mwanzoni mwa safari, hawakuiona Kwihara ya hapa Tabora. Mimi nachukulia hivi: kitu ambacho ardhi yako haikupi, ndicho cha kukifuata. Maembe nitakwenda kuyaangalia wapi, wakati nalala chini yake?

Sasa hela. Nisomeni vizuri hapa maana hapa ndipo urafiki unapoumia.

Tulikuwa wanawake tisa tulioandikishana. Tukachagua mweka hazina, tukaweka mchango wa kila wiki, tukafungua daftari tofauti na la kikoba ili hela za watu zisichanganyike. Kila anayetoa anasaini. Kila kinacholipwa, risiti inapigwa picha inawekwa kwenye kundi. Tuliandika na masharti: tiketi zikishalipwa, anayejitoa harudishiwi sehemu ya tiketi. Wote tisa tulisaini chini ya maneno hayo.

Jioni moja kabla ya safari, shoga yangu, mtu tuliyeketi naye dawati moja tangu kidato cha kwanza, mtu aliyenishika mkono nikijifungua, alituma ujumbe kwenye kundi kwamba haendi na anataka hela yake yote. Yote. Nikampigia, hakupokea. Nikaenda kwake usiku ule ule kwa bajaji, mlango haukufunguliwa na taa ilikuwa inawaka. Kesho yake sisi tukiwa njiani, akawa anapita kwa watu anasema hela inaliwa, eti kuna watu wanajinunulia magauni kwa michango ya wenzao. Daftari lipo. Risiti zipo. Nilizituma zote kwenye kundi nikiwa Singida, ndani ya basi, machozi yananitoka, na kila aliyekuwa na macho alizisoma. Mwingine naye akajitoa njiani kwa sababu ya maneno hayo. Tukabaki saba.

Nakwambia hili ili ujue kwamba daftari halizuii mtu kukuumiza. Daftari linazuia maumivu yale yasigeuke kuwa kesi. Niliporudi Tabora hakuna aliyeweza kunitazama usoni akaniita mwizi, maana kila senti ilikuwa imeandikwa kwa kalamu na kusainiwa, pamoja na saini yake mwenyewe. Kwa hiyo: andikeni. Hata kama ni dada yako wa tumbo moja, andikeni. Hata kama mnapendana vipi. Andikeni, msaini, mpige picha.

Na msiende na mtu anayekwenda kwa sababu wengine wanakwenda. Muulize kila mmoja peke yake, bila kundi: wewe mwenyewe unaitaka siku hii? Akianza kwa "mkienda nami nitakuja", mshukuru, mwache abaki.

Mavazi. Mimi nina duka la vitenge, kwa hiyo hapa naweza kukaa mpaka jua lizame.

Msivae cha kuiga. Wenzetu wawili walitaka tuagize zile kofia ndogo za manyoya kutoka Dar, nikakataa, na leo wananishukuru. Mbio zinazosifika kuliko zote kwa mavazi ni Royal Ascot ya Uingereza, zilizoanzishwa na Malkia Anne mwaka 1711. Kule wana masharti mpaka ya vipimo: kwenye jukwaa lao la heshima mwanamke lazima avae kofia, na kama ni pambo la kichwa basi kitako chake kisipungue sentimita 10. Hao hao wenye rula mkononi wanamruhusu mgeni kuvaa vazi rasmi la taifa lake. Sasa kama Ascot wanakipokea kitenge, wewe wa Tabora unakivulia nini?

Tulichagua waksi moja, ardhi yake rangi ya asali iliyokolea, maua ya buluu. Kila mmoja akashona mshono wake kulingana na umbo lake na dini yake. Wawili wanaovaa hijabu walishonewa gauni refu la mikono mipana na mtandio wa buluu ile ile, na nakuhakikishia ndio waliopigwa picha kuliko sisi wengine. Tuliobaki tulifunga vilemba. Siri ya kilemba kinachosimama ni kitambaa kisichofuliwa. Waksi mpya ina ile nta yake, ukiikunja inabaki ilivyokunjwa. Ukishaifua mara moja inalegea na saa nane mchana kilemba kimekulalia sikioni. Vaa kofia nyembamba ya pamba chini yake ili isiteleze, bana kwa pini nyuma, pini mbili kila upande, kwa sababu uwanja wa farasi ni mahali pa wazi na upepo haukuombi ruhusa. Asubuhi ile tulikuwa chumba kimoja cha gesti, kioo kimoja, saba tunafungana vilemba kwa zamu, mmoja ameshika pini midomoni, mwingine anavuta ncha ya kitambaa anasema "tulia basi, shingo". Ningelipa nauli yote kwa asubuhi ile peke yake.

Viatu, sikilizeni: kisigino chembamba kinazama kwenye nyasi. Mtatembea kwenye nyasi siku nzima, kutoka jukwaani kwenda wanapopitishwa farasi, kurudi, kwenda tena. Vaeni kisigino kipana au sendo nzuri. Na mbebe sweta. Nairobi ipo juu kuliko Tabora, na kuanzia Juni hali yake ni ya mawingu na baridi ya kuingia mifupani. Mtandio mzito wa rangi ya sare unapendeza kuliko koti la kuazima.

Pasipoti kila mtu anajua, au hati ya dharura ya kusafiria mnayoomba Uhamiaji mapema. Hela badilisheni kwenye duka la fedha lenye leseni, vijana wa pale mpakani wenye mafungu mkononi waageni kwa upole mpite.

Sasa siku yenyewe.

Uwanja wa Ngong umepakana na msitu. Ukiingia unaona kwanza kijani, nyasi zimekatwa sawasawa, uzio mweupe unaozunguka mpaka macho yanapoteza. Familia zimetandika mablanketi, watoto wanakimbia, moshi wa nyama choma. Wengi wamevaa jinzi na raba, hakuna anayekupimia kofia mlangoni. Kwa hiyo wanawake saba wa rangi ya asali walipoingia kwa pamoja, watu waligeuka. Mama mmoja Mkenya, mtu mzima, mwenye miwani ya jua, alitufuata akauliza, "Madam, nyinyi mmetoka Dar?" Nikamwambia, "Shikamoo mama. Hapana, Tabora." Nilisema Tabora kwa sauti. Nilitaka aliyekaa mstari wa nyuma naye asikie.

Kabla ya kila mbio, farasi hupitishwa kwenye kiwanja kidogo cha mviringo ili watu wawaone. Msibaki jukwaani mkila karanga, nendeni pale. Hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote na wengi wanaipuuza. Farasi mmoja wa kahawia iliyoiva alipita karibu nami kiasi cha kunipulizia pumzi. Nilikuwa sijajua kwamba ngozi yake ni nyembamba hivyo. Mishipa ya shingo ilikuwa imejichora juu yake yote, na nzi alipotua begani, pale pale tu alipotua ngozi ilitikisika, sehemu nyingine imetulia. Povu jeupe la jasho lilikuwa limekusanyika shingoni, pale hatamu inaposugua. Saisi aliyemshika alikuwa anaongea naye kwa sauti ya chini: "Taratibu, mzee. Taratibu." Kwa Kiswahili. Mnyama mwenye ukoo ulioandikwa kwenye vitabu karne kwa karne, na mtu anayemtuliza anamtuliza kwa lugha yangu. Nilisimama pale mpaka mwenzangu akanivuta mkono.

Tulielezwa pale pale mambo ambayo sikuyajua. Mpanda farasi hupimwa kwenye mizani kabla ya mbio na baada ya mbio. Kuna mbio ambazo farasi mwenye rekodi nzuri hubebeshwa uzito zaidi ili wengine nao wapate nafasi, wanamwekea vipande vya madini ya risasi kwenye tandiko. Nilifikiria wanawake ninaowajua ambao kwa kuwa wanaweza, ndio wanaoongezewa mzigo. Na hawapungui mwendo.

Mbio zenyewe ni fupi, mjue hivyo mapema msije mkasema mmepunjwa. Mbio za mita 1,200 zinachukua dakika moja na sekunde kadhaa. Kwanza huoni kitu, unaona rangi za mashati ya wapandaji upande wa pili wa uwanja, wanatembea tu kama hawana haraka. Wanapinda kona. Halafu unausikia mshindo, unausikia kwa nyayo kabla ya masikio, na ghafla wapo mbele yako, udongo unaruka, mtu anapiga kelele na huyo mtu ni wewe. Wamepita. Imeisha. Unasubiri karibu nusu saa mbio nyingine ianze.

Ile nusu saa ndiyo siku. Hili ndilo nililolifuata bila kujua na ndilo nalotaka mama wa Mwanga alielewe. Tulikaa kwenye nyasi na karanga zetu za Tabora na chupa ya asali ya miombo, tumenunua chapati, tunachovya. Hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Yule muuguzi wetu alivua viatu, akanyoosha miguu, akasema hakumbuki mchana wowote tangu aolewe ambao umepita bila mtu kumwomba kitu. Mwingine, mjane, alizungumza habari za marehemu mumewe kwa mara ya kwanza tangu tumzike, na hakulia, alikuwa anasimulia alivyokuwa anaimba vibaya. Na tulicheka. Ndicho kicheko kile cha kwenye simu, sasa kilikuwa chetu, watu wa blanketi la jirani wakawa wanacheka na sisi bila kujua sababu.

Kubeti. Najua wengi mtauliza. Kwenye mbio za farasi kubeti kupo wazi kabisa, na utaratibu wa kawaida ni kwamba hela za wote zinaingia chungu kimoja, mwenye mchezo anakata sehemu yake, kinachobaki wanagawana waliopatia. Soma tena hapo: anakata sehemu yake kwanza, kila mbio, awe nani ameshinda. Hata yule farasi ambaye umati wote umemwamini, kwa kawaida anashinda mara moja tu kati ya tatu. Mimi nimeona mikeka ikichanika pale Tabora kwenye mpira, nimeona kijana mzuri wa jirani akiuza godoro. Sikwenda Nairobi kufanya hivyo nikiwa nimevaa kitenge kipya. Na kati yetu walikuwamo ambao dini yao imeikataza moja kwa moja. Tukakubaliana tangu kwenye basi: hakuna wa kubeti. Badala yake kila mmoja alichagua farasi wake kwa kumtazama machoni, na atakayepatia mara nyingi anakaa dirishani wakati wa kurudi. Aliyeshinda ni mdogo wetu kuliko wote, yeye alikuwa anachagua anayetembea kwa kujinyoosha, hatua ya nyuma inapita alama ya mguu wa mbele. Alikaa dirishani kutoka Arusha mpaka Tabora na hakumwachia mtu.

Watu wakikuambia kwamba mchezo huu ni wa wanaume, waambie hawaujui. Hapo hapo Kenya, Beryl Markham alipata leseni ya kuwafunza farasi wa mbio akiwa na miaka 18, na farasi aliowafunza walishinda Derby ya Kenya, mbio kubwa za kule, mara sita. Huyo huyo mwaka 1936 alirusha ndege peke yake kuvuka Atlantiki kutoka Uingereza kwenda magharibi. Uzeeni aliishi kwenye nyumba ndogo ndani ya eneo hilo hilo la uwanja wa Ngong, hadi alipofariki mwaka 1986. Australia, mbio zao kubwa za Melbourne Cup zimekimbiwa tangu 1861, na mpandaji mwanamke wa kwanza kushinda, Michelle Payne, alishinda mwaka 2015. Miaka mia moja na hamsini na zaidi walisema mwanamke hana nguvu za kumshika farasi mwisho wa mbio ndefu. Mwaka 2021 Rachael Blackmore akashinda Grand National ya Uingereza, mbio za kuruka vizuizi zinazoogopwa kuliko zote. Niliwasomea wenzangu majina haya tukiwa tumekaa kwenye nyasi. Mjane wetu akasema nimwandikie, atampa bintiye.

Kwa hiyo dada zangu, acheni kuomba ruhusa kwa watu ambao hawajawahi kuwaomba ruhusa nyinyi. Mume wangu aliniuliza swali moja tu, nani atabaki na watoto, nikamwambia ni wewe baba yao, na alibaki nao, na wote nilimkuta nao wazima wameoga. Mwanamke aliyepumzika anarudi nyumbani na kitu mkononi. Mimi nilirudi nimetulia. Sikugombana na mtu mwezi mzima, hata wifi alipokuja kuziona picha akazitazama moja moja akakaa kimya, nilimkaribisha chai. Anayewaambia kwamba mke mwema hachoki anataka kuwatumia. Mchoke, mseme mmechoka, mchange, mwende. Na si lazima iwe farasi. Lakini ikiwa roho yako imependa farasi, usijidanganye kwamba bata wa bwawani watatosha.

Changeni mapema. Kwetu huku hela inaonekana kwenye masoko ya tumbaku, na ndio wakati inapotea pia, kwa hiyo mwanzo wa msimu mweka hazina awe ameshakaa na daftari lake. Kigoma mnajua wenyewe dagaa wenu wanakuja lini. Kidogo kidogo kila wiki, kwa saini.

Safari ya pili tumeshaianza. Sare bado hatujakubaliana, wapo wanaotaka kijani. Majina yamefika kumi na moja, na wiki iliyopita shoga yangu yule wa kidato cha kwanza alinitumia ujumbe, baada ya kimya chote kile, akiuliza kama bado kuna nafasi. Sikumjibu siku ile. Wala siku ya pili yake. Halafu nikamwandikia kwamba nafasi ipo, daftari liko kwa mweka hazina, masharti ni yale yale, na mchango wa kwanza unafungwa tarehe 15.